Bendera ya Mjapani katika sanduku la babu: tuiuze, tuichome au tuirudishe?

SWALI

Mheshimiwa Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Iringa, na ninakuandikia kuhusu jambo ambalo kwa miezi minne sasa limeufanya ukoo wetu ushindwe kumaliza kikao bila maneno makali. Babu yetu mzaa baba alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Cheti chake cha kuachishwa jeshi, ambacho bado tunacho, kinaonyesha kwamba alikuwa katika Kikosi cha 36 na kwamba alitumikia Burma, nchi inayoitwa Myanmar siku hizi, au Bama kama alivyozoea kuitamka mwenyewe. Alifariki mwaka 1998. Sanduku lake la bati lilibaki uvunguni mwa kitanda cha bibi, na hakuna aliyethubutu kulifungua mpaka bibi naye alipotutoka mwaka jana.

Baada ya arobaini tulilifungua mbele ya wazee. Juu kulikuwa na blanketi na koti la jeshi lililoliwa na nondo. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kanga kilichofungwa mafundo mawili, tulikuta vitu vitatu. Cha kwanza ni bendera ya hariri nyeupe ambayo sasa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, yenye duara jekundu katikati, na urefu wake haufiki mita moja. Kulizunguka duara hilo, mfano wa miale ya jua, kuna mistari mingi iliyoandikwa kwa wino mweusi, na kila mstari unaonekana kuwa wa mkono mwingine. Pembe mbili za upande mmoja zimeshonewa vipande vya ngozi vya pembetatu, na karibu na mojawapo pana doa la kahawia ambalo hakuna aliyetaka kulisemea neno. Cha pili ni kibati cha shaba chenye umbo la yai, kina tundu huku na tundu huku. Cha tatu ni picha ndogo ya mwanamke aliyevaa kimono na kumpakata mtoto mchanga, iliyobandikwa kwenye kadi ngumu.

Shangazi yetu, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki, alivitazama mara moja akasema vitu hivyo ni vya mtu, na kwamba mtu huyo hajazikwa vizuri. Anataka vichomwe, na majivu yatupwe mtoni. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, amekwisha kumpata mnunuzi kupitia mtandao anayeahidi shilingi milioni mbili kwa bendera peke yake. Hoja yake ni kwamba babu alipigana vita visivyokuwa vyake, akarudi na blanketi na fedha za kununua ng'ombe wawili, na kwamba waliomtuma hawakumlipa anachostahili. Basi bendera na imlipe sasa kupitia wajukuu wake.

Mimi sikubaliani na yeyote kati yao, lakini sina hoja ya kuwapa. Ninachokumbuka ni siku moja nikiwa mdogo, mvua za masika zilipokatika, babu aliianika ile bendera kivulini, na tulipomuuliza ni nini alitujibu, "Huyu alikuwa na ndugu wengi," kisha akaikunja bila kuongeza neno. Tunaweza kumjua mwenye vitu hivi? Akijulikana, tunavirudishaje na kwa nani? Na je, kuvirudisha si kukiri kwamba babu yetu alikuwa mwizi, au jambo baya kuliko hilo?

Mjukuu wa Keya, Iringa

JIBU

Binti yangu, marahaba, na poleni kwa msiba wa bibi.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba msikae kikao kingine chochote kabla bendera hiyo haijasomwa. Mnagombana juu ya kitu msichojua ni cha nani, ilhali jina la mwenyewe, kwa kila dalili uliyonieleza, limeandikwa juu yake.

Wajapani huiita bendera ya namna hiyo *yosegaki hinomaru*. Hinomaru ni bendera yao ya taifa, duara la jua juu ya weupe. Yosegaki ni maandishi ya watu wengi yaliyokusanywa mahali pamoja. Katika miaka ya vita, kijana alipopata wito wa kwenda jeshini, wazazi, majirani, walimu, wanafunzi wenzake au wafanyakazi wenzake waliandika majina yao na maneno ya kumtakia heri kulizunguka jua, naye akaenda nayo vitani ikiwa imekunjwa karibu na mwili. Vile vipande vya ngozi viliwekwa ili kamba za kuifungia zisiichane hariri. Babu yako, ambaye nadhani hakujua hata herufi moja ya Kijapani, aliisoma sawasawa: huyo alikuwa na ndugu wengi, na wote walitia sahihi.

Sasa nikujibu swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokuuma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo kikosi cha babu yako kilikuwamo, na ambayo askari wake walivaa alama ya kichwa cha kifaru, iliingia bonde la Kabaw, huko Burma, mwezi Agosti 1944 wakati mvua za pepo za kusi ziko kileleni. Jeshi la Japani lilikuwa limeshindwa huko Imphal, nchini India, katika vita vilivyoanza mwezi Machi na kuisha Julai mwaka huo, nalo lilikuwa likirudi nyuma kuelekea mto Chindwin huku likiacha njiani wagonjwa wa malaria na kuhara damu, na watu waliokufa kwa njaa kabla risasi haijawafikia. Askari wa Keya walilifuata kwenye matope hayo hayo, wakapigana na vikosi vilivyobaki nyuma kuwazuia, wakafika mji wa Kalewa, kando ya mto huo, mwanzoni mwa Desemba. Ndiyo maana cheti cha babu yako hakitakuambia kamwe kama alimuua mwenye bendera, au alimkuta amekwisha kukata roho kando ya njia, au aliipata kwa mwenzake kwa kubadilishana na sigara. Yote matatu yalitokea mara nyingi.

Sheria ilikuwepo. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 uliagiza kwamba vitu binafsi vinavyokutwa kwa waliokufa vikusanywe na kupelekwa kwa upande wa pili. Kwa bendera hizi agizo hilo lilipuuzwa na majeshi ya mataifa mengi, kuanzia maofisa hadi askari wa kawaida, kwa sababu hakuna kumbukumbu iliyotamaniwa kuliko bendera ya Mjapani. Zimejaa kwenye madari ya nyumba za Marekani, Uingereza na Australia. Simtetei babu yako kwa kusema wengi walifanya. Ninasema tu kwamba kuirudisha bendera si kumfungulia mashtaka, na familia za Japani zinazopokea vitu hivi hazidai maelezo ya nani alimuua nani. Tena mtu aliyeifunga kwenye kanga, akaianika kivulini badala ya juani, na kuitunza zaidi ya miaka hamsini bila kuiuza hata katika miaka ya njaa, hakuitendea kama kitu cha wizi.

Turudi kwenye kuisoma. Msiifue, msiipige pasi, msilishughulikie lile doa, wala msiibandike gundi au utepe wa plastiki mahali ilipochanika. Itandazeni juu ya shuka safi jeupe mezani, karibu na dirisha lenye mwanga lakini pasipo jua la moja kwa moja. Piga picha ukiwa umesimama juu yake kabisa, si kwa mshazari: kwanza nzima, halafu robo moja moja, halafu kila kundi la maandishi kwa ukaribu, halafu upande wa nyuma, maana wino ukipenya, mistari mingine husomeka vizuri zaidi kwa nyuma.

Kwenye bendera nyingi hizi kuna herufi nne kubwa kuliko nyingine, 武運長久, zinazosomwa *buun chokyu*, yaani bahati ya vita na idumu. Hilo si jina. Jina la askari mwenyewe kwa kawaida huandikwa kwa wima kwenye ukingo wa kulia au wa kushoto, kwa herufi kubwa kuliko za watia sahihi, na mara nyingi hufuatwa na herufi 君, ambayo ni namna ya kumtaja kijana kwa heshima. Kosa ambalo watu hulifanya sana ni kuchukua jina la mkuu wa shule au la meneja wa kiwanda, ambaye naye alipenda kuandika kwa mbwembwe, wakadhani ndiye askari. Programu za kutafsiri za kwenye simu zinaweza kukukisia neno moja mawili, lakini mwandiko wa brashi, hasa ule unaotiririka bila kuinua mkono, huzishinda. Unahitaji jicho la mtu anayeusoma, na ikiwezekana mzee, kwa kuwa vijana wengi wa Japani nao huwatatiza.

Mkishapata jina la askari, tazameni majina mengine. Mkiona jina moja la ukoo limerudiwa mara nne au tano, hao huenda ni nduguze. Jina la shule, la hekalu, la kampuni au la kijiji likionekana, hata kwenye muhuri mwekundu pembeni, linaweza kuwa na thamani kuliko jina lenyewe, kwa sababu akina Sato na Suzuki wa Japani ni wengi mno kumtafuta mmoja pasipo kujua alitoka wapi. Mahali palipopiganwa pia husaidia. Miongoni mwa majeshi yaliyorudi kutoka Imphal ilikuwamo Divisheni ya 33, ambayo vikosi vyake vya askari wa miguu vilikuwa na makao katika mikoa ya Ibaraki, Tochigi na Gunma. Sisemi mtu wenu alitoka huko. Ninasema mtafutaji akiambiwa "bonde la Kabaw, mwishoni mwa 1944" atajua pa kuanzia, kuliko akiambiwa "Burma" tu. Kwa hiyo piga picha na kile cheti cha babu.

Kile kibati msikitegemee sana. Ni kitambulisho cha askari, na matundu yake yalikuwa ya kupitishia kamba, lakini kwa askari wa kawaida wa Japani kiliandikwa namba za kikosi, kombania na za mtu mwenyewe, bila jina. Namba hizo zinahitaji daftari la kikosi, na nyaraka nyingi za jeshi zilichomwa moto kwa amri mwezi Agosti 1945. Kipigeni picha kwa mwanga wa ubavuni ili mikwaruzo ijitokeze, na msikisugue kwa ndimu wala majivu, hata kama shangazi ana sufuria zinazong'aa. Picha ya mama na mtoto ina matumaini zaidi kuliko inavyoonekana. Wapiga picha wa zamani walichapa jina la studio na mji kwenye kadi, mara nyingi kwa herufi zilizobonyezwa chini, ambazo utaziona ukiinamisha kadi kwenye mwanga. Msiibandue kutafuta maandishi ya nyuma.

Zipo njia mbili za kurudisha ambazo ninaziamini. Ya kwanza ni serikali ya Japani yenyewe. Wizara yao ya Afya, Kazi na Ustawi ndiyo inayoshughulikia mabaki na vitu vya waliokufa vitani, na kumbukumbu za askari wa nchi kavu hutunzwa na serikali za mikoa. Andikieni ubalozi wa Japani ulioko Dar es Salaam, mkiambatisha picha na maelezo mafupi, mkiomba uwasiliane na wizara hiyo. Ya pili ni OBON Society, shirika lisilo la faida lenye makao Astoria, katika jimbo la Oregon, Marekani, ambalo kazi yake hasa ni kuzirudisha bendera hizi. Lina watu wa kusoma maandishi na kutafuta familia, na halitozi upande wowote. Mnaweza kuanza na mojawapo. Kwa vyovyote vile tangulizeni picha, na msikabidhi kitu chenyewe mpaka mjue nani anakipokea na kwa utaratibu gani. Msiweke picha za jina hilo kwenye makundi ya mitandao mkiomba msaada wa kusomewa, kwa kuwa wafanyabiashara wa vitu vya vita wamo humo kuliko wasomi, na mtu akishalijua jina anaweza kujifanya jamaa.

Jiandaeni kwa subira. Utafutaji huchukua miezi, wakati mwingine miaka, na wapo ambao hawapatikani. Zipo pia familia zinazopatikana zikakataa kupokea, ama kwa sababu hakuna tena anayemkumbuka marehemu, ama kwa sababu vita vyenyewe ni kidonda wasichotaka kukifungua. Likiwafika hilo, mshaurianeni na shirika au ubalozi kuhusu makumbusho yanayoweza kuvitunza.

Kuhusu kaka yako, msimtukane, kwa maana hoja yake ina uzito. Kiinua mgongo cha askari wa makoloni kilipangwa kwa rangi ya ngozi, na Mwafrika aliyebeba bunduki ile ile kwenye matope yale yale alipewa kidogo kuliko Mzungu. Deni hilo ni la kweli. Lakini anayedaiwa si yule mwanamke wa kwenye picha, wala mtoto wake, ambaye kama yu hai leo ana zaidi ya miaka themanini. Kaka yako anataka kumtoza yatima mmoja deni la himaya kubwa, na sidhani ameliona hivyo. Mwelezeni pia jambo la kawaida la kibiashara: mnunuzi huyo anatoa milioni mbili kwa sababu ya maandishi, na atakapoiuza kwa mwingine, na mwingine kwa mwingine, nafasi ya jina hilo kuifikia familia yake itazidi kufifia kila mkono unaoipokea. Kwa kuwa vitu hivi ni sehemu ya mirathi isiyogawanywa, hana haki ya kuviuza peke yake. Liandikeni hilo kwenye muhtasari wa kikao, kila mrithi atie sahihi, na bendera ikae kwa mtu mmoja mnayemwamini.

Shangazi yako ndiye aliyelielewa jambo hili mapema kuliko ninyi wote, isipokuwa kwenye moto tu. Amesema mtu huyo hajazikwa vizuri. Kwa hesabu za wizara niliyoitaja, Wajapani wapatao milioni 2.4 walikufa nje ya visiwa vyao vikuu katika vita hivyo, na mabaki ya zaidi ya milioni 1.1 hayajarudishwa hadi leo. Familia nyingi zilipelekewa sanduku dogo la mbao nyeupe, wakalifungua wakakuta jiwe, mchanga au karatasi yenye jina. Hicho ndicho walichokizika. Bendera inapofika kwa familia ya namna hiyo, haipokelewi kama kitambaa. Huwekwa mbele ya madhabahu ya nyumbani, ambako Wajapani wengi huwasalimu wazee wao waliotangulia, na marehemu huambiwa kwamba amefika nyumbani. Mwambie shangazi hivyo, kwa maneno hayo hayo, na nadhani ataona kwamba watu hao wanaogopa kitu kile kile anachokiogopa yeye, na wana namna yao ya kukimaliza ambayo mto wa Iringa hauwezi kuwafanyia.

Pamoja na vitu hivyo pelekeni barua ya ukurasa mmoja. Ielezeni kwamba babu yenu alikuwa nani, alitoka kijiji gani, alikuwa kikosi gani, alirudi lini, na alivitunzaje. Msiombe radhi kwa jambo msilolijua, msitie hadithi ya ushujaa, na msitaje fedha. Lile neno lake la siku ya masika mliandike kwa Kiswahili kama alivyolisema, mtafsiri atalishughulikia. Wekeni na nakala ya picha ya babu kama ipo, kwa sababu familia hizo mara nyingi hutaka kumwona aliyeitunza.

Wasomaji wengine watakaofungua masanduku ya wazee wao huenda wakakuta mkanda wa kitambaa wenye vifundo vingi vya uzi mwekundu. Huo ni mkanda wa mishono elfu, ambao mama au mke aliutembeza mitaani ili kila mwanamke apitaye ashone fundo moja. Nao utunzwe na kupigwa picha kwa namna hiyo hiyo, ingawa ni mara chache huwa na jina. Mwenye upanga aniandikie kivyake, kwa kuwa Japani ina sheria kali za kuingiza panga, na zile zilizotengenezwa viwandani wakati wa vita haziandikishwi huko hata kidogo.

Wewe, binti yangu, anza na picha. Zipige asubuhi, kabla upepo haujaanza, na umwombe shangazi akushikie ile pembe yenye doa.